Mama Chisense na Barua Zilizokatwa Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Leo sina kitabu cha kuwashauri. Leo nina mtu.

Ninyi mlimjua kwa jina la Mama Chisense. Ni yule mama wa Kashikishi, pale Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Kwa miaka minne alituandikia kutuambia tusome nini. Alifariki mwezi wa sita mwaka huu wa 1979, kwa homa, baada ya kulala siku nne tu. Narudia: Mama Chisense wa Kashikishi amefariki. Na jina lake halikuwa Mama Chisense. Aliitwa Berthe Nkulu. Hilo jina lingine nilimpa mimi, na leo nitawaeleza lilifanya nini.

Najua amri. Tangu 1972, huku kwetu Zaire, majina ya ubatizo hayasomwi kwenye kipaza sauti. Mimi mwenyewe nilibatizwa Fabien, na humu studio naitwa Ngosa. Leo nitawataja watu jinsi mama zao walivyowaita. Mkurugenzi akikasirika, anajua ninapokaa.

Berthe alizaliwa Pweto, kaskazini mwa ziwa, mwaka 1927. Baba yake, mzee Kafula, alichonga mashua. Masista walimfundisha kushona na kusoma Kifaransa. Alikuwa na mdogo wake mmoja, Léonie. Mmoja tu, wasikilizaji wapendwa, wala hakukuwa na kaka. Léonie hakupenda shule, alisema chaki inamkohoza. Basi Berthe alikuwa akirudi nyumbani anamsimulia yaliyomo vitabuni, na mdogo wake akianza kupiga miayo, Berthe anaongeza mtu ndani ya hadithi.

Mwaka 1963 vita vilifika Pweto. Ndugu hawa wawili walikimbia siku moja kwa njia mbili. Berthe na mume wake Florent walipanda mashua kwenda ng'ambo. Léonie, aliyekuwa na mimba, alikimbilia milimani. Baadaye Berthe aliambiwa kwamba nyumba ya mdogo wake iliungua na watu wote ndani. Léonie aliambiwa kwamba mashua ya dada yake ilizama. Kila mmoja alimlilia mwenzake. Ila Berthe hakuiona maiti, na mtu asiyeona maiti hamalizi msiba.

Florent alifariki 1968. Hawakujaliwa mtoto. Berthe akabaki peke yake Kashikishi, na sanduku la vitabu aliloachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao. Karibu vyote vilikuwa riwaya za familia. Babu, watoto, wajukuu, wakwe, ukoo mzima ndani ya kurasa mia sita. Mama ambaye hakuwa na mtu hata mmoja wa kula naye alikuwa na koo kumi na moja sandukuni. Mimi hilo linaniuma, nalisema wazi.

Sasa, chisense. Kwa asiyelijua ziwa letu, hao ni samaki wadogo kuliko kidole. Hutandazwa mchangani asubuhi wakauke kwa jua. Ni kazi ya kukaa. Unakaa, unafukuza kunguru, unafukuza mbuzi, unaangalia mawingu. Berthe alikuwa na sehemu yake ya mchanga pamoja na wanawake wengine watano. Mwaka 1971 alikuja na kitabu, akasoma kimyakimya. Siku ya tatu wenzake walichoka kumwona anacheka peke yake. Jirani yake, Mama Olipa, ananieleza hivi:

"Tulimuuliza, Mama Berthe, kuko nini mule? Akasema, kuko bantu ba Ulaya, babu yao iko na kinu ya ngano, na batoto bote banagombania kinu. Tukamuambia, basi soma kwa nguvu, na sisi tusikie ile fujo."

Ndivyo kikundi kilivyoanza. Yeye alisoma Kifaransa kwa macho, mdomo ukatoa Kiswahili, na Mama Olipa akaongeza Kibemba kwa wasioelewa. Baadaye vikundi vingine vilimwomba ushauri. Wauguzi. Walimu. Wake wa wavuvi wa Kilwa, kile kisiwa cha humu ziwani. Kila aliyemwomba alipewa riwaya ya familia. Alipoanza kuandika kwenye kipindi hiki, mwaka 1975, barua yake ya kwanza ilitupa sababu. Naisoma kama alivyoiandika:

"Kama kikundi yenu inatumika na mikono, chukueni kitabu ya familia. Mutu akisimama kufukuza mbuzi, akirudia anakuta ile familia iko palepale, bangali banagombana. Kitabu ya mwizi na polisi haifai. Mbuzi mumoja tu, na umeshapoteza mwizi."

Mnakumbuka tulivyocheka wiki ile? Simu ya kituo ililia siku nzima.

Na habari ya mjomba je? Pale ziwani mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Harusi haifungwi bila mjomba. Basi kwenye kitabu kile cha kinu ikaja sura ya harusi, na mama mmoja, Mwila, akamkatiza msomaji. "Mujomba ya bibi arusi iko wapi?" Berthe akatazama ukurasa. Hapakuwa na mjomba. Ulaya ile haikuwa na mjomba hata mmoja. Akageuza ukurasa bila kupepesa macho, akasema, "Iko njiani, bwato yake ilichelewa," yaani mashua yake. Tangu siku hiyo kila kitabu cha Kashikishi kilikuwa na mjomba. Mwalimu Rodwell aliazima kile cha kinu, akamtafuta mjomba wiki tatu, akarudi analalamika kwamba kurasa zimechanwa. Berthe akamwambia kwamba mjomba yumo katika nakala ya ufukweni tu.

Lakini kilipofika kifo cha babu mwenye kinu, wanawake waliuliza swali jingine. Nani amepyana? Kule mtu akifa, mmoja wa ukoo wake anachukua jina lake na nafasi yake. Huko ndiko kupyana. Kuanzia siku hiyo ndugu wanamwita kwa jina la marehemu na kumsalimu kama walivyomsalimu marehemu. Kitabuni hakuna aliyechukua jina la babu. Mama Eness akauliza, "Basi jina imebaki chini?" Safari hii Berthe hakuongeza mtu. Akajibu, "Imebaki chini."

Mama Olipa anasema siku ile kitabu kilifungwa mapema. Wenzao walipoondoka, Berthe alimwambia, "Olipa, na yangu itabaki chini vilevile. Hapa niko mugeni, sina ukoo. Kama Léonie iko muzima, iko mutu mumoja mu dunia mwenye anaweza kuichukua. Basi, miye natafuta ule mumoja."

Hilo ndilo alilolitaka, wasikilizaji wapendwa. Narudia, maana mimi nililisoma nikalipuuza. Alitaka mdogo wake ajue kwamba yeye Berthe yu hai.

Aliwauliza wafanyabiashara waliovuka ziwa kwenda Pweto. Hakuna aliyemjua Léonie yeyote. Ndipo alipotuandikia. Barua zake thelathini na moja zina sehemu mbili. Kwanza kitabu: kinasimulia familia gani, kinamfaa nani, uruke kurasa zipi. Halafu chini kabisa mstari mmoja, neno kwa neno, mara thelathini na moja: "Miye Berthe Nkulu, binti ya Kafula wa Pweto, niko muzima ku Kashikishi. Natafuta ndugu yangu Léonie."

Mstari ule nilikuwa naukata.

Nilikuwa na dakika kumi na mbili za kipindi. Kitabu kilichekesha, mstari haukuchekesha. Jina Berthe lilikatazwa, nikajificha nyuma ya amri. Lakini Nkulu halikukatazwa! Pweto haikukatazwa. Ningeweza kusema binti Nkulu wa mzee Kafula, na hakuna ambaye angenigusa. Sikufanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimekwisha kubuni jina la Mama Chisense, na mlilipenda, na mimi napenda kupendwa. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mjukuu wangu amekuja, na amekuja kukaa.

Yeye hakunilaumu. Katika barua ya tano aliandika: "Nakushukuru kwa kusoma. Mwisho ya barua haikusikika huku kwetu. Pengine ni pile ya redio yangu." Akanunua betri mpya. Katika barua ya tisa aliuliza kama mawingu huziba sauti. Baada ya hapo hakuuliza tena, ila mstari aliendelea kuuandika.

Mwaka 1977 nilipata barua kutoka Lukonzolwa, ufukwe wa magharibi wa ziwa, huku kwetu Zaire. Iliandikwa na msichana wa miaka kumi na minne kwa niaba ya mama yake, asiyejua kusoma. Mama huyo aliitwa Mama Nsama. Alitaka kile kitabu cha kinu ambacho Mama Chisense aliwahi kutuandikia kwamba hakina mjomba. Nikampelekea Mama Chisense ombi hilo, naye akakituma kitabu kwa mfanyabiashara wa samaki, pamoja na kikaratasi: "Kwa Mama Nsama. Kisomeni polepole. Mukikimaliza mutabaki peke yenu, na nyumba itakuwa kubwa."

Barua ile ya Lukonzolwa nayo ilikuwa na mwisho wake. Nao niliukata, sikumpelekea. Ninao hapa mkononi. "Mama anasema huyu Mama Chisense anamuchekesha sawa yaya yake mwenye alikufa mu maji, alikuwa anaongezaka bantu mu hadisi."

Yaya ndiye dada mkubwa. Mmeshaelewa. Mama Nsama alikuwa Léonie. Alirudi kutoka milimani 1972, mwaka wa amri, akaacha jina la ubatizo ofisini, akakaa Lukonzolwa ambako hakuna aliyemjua zamani. Binti aliyeandika ni Régine, mimba ile ya 1963. Kila Jumanne walikaa karibu na redio kumsikiliza dada aliyewaandikia. Maji ya siku moja tu yaliwatenganisha. Na mimi katikati, na mkasi.

Berthe alipofariki, Mama Olipa aliniandikia. Wanawake wa mchangani walimzika wao wenyewe. Mkuu wa kijiji, mzee Bwembya, alisema bila ukoo hakuna wa kumpyana. Mama Olipa alijitolea, akakataliwa kwa upole, kwa sababu jina si kanga ya kuazimana. Akaniomba neno moja tu: "Safari hii soma mpaka mwisho."

Nilisoma mpaka mwisho, ila katika matangazo ya vifo, bila kuwaambia ninyi kwamba huyo ndiye Mama Chisense. Jina lote, baba yake, Pweto, Léonie. Siku ya tisa mama mmoja na binti yake walishuka kwenye bwato pale Kashikishi. Mama huyo, Léonie, alimwambia Olipa, "Miaka mine nilikuwa nacheka naye, na nilikuwa namulilia palepale."

Kwa Mama Léonie, kwa Régine, kwa Mama Olipa, Mwila, Eness na wote wa mchanga ule, kituo hiki kinatoa pole. Mimi natoa pole yangu tofauti, na naomba msamaha mbele ya watu, maana kosa nililifanya mbele ya watu. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, wenye vikundi vya kusoma na wasio navyo, fuateni ushauri wake, someni koo za watu. Ila usiku wa leo jiulizeni, kwenu ni nani anayewaandikia, na ninyi mnasoma sehemu tamu tu?

Nilikwenda Kashikishi mwezi uliopita kwenye sherehe ya kupyana. Naomba niwaambie nilichokiona, kisha ninyamaze. Régine, ambaye kwa mama yake ni wa ukoo uleule, aliketishwa kwenye mkeka mpya. Akafungwa shanga nyeupe mkononi. Mzee Bwembya akatangaza kwamba huyu sasa ni Berthe Nkulu, na kila mtu amsalimu hivyo. Wa kwanza kumsalimu lazima awe ndugu wa karibu. Léonie akapiga magoti mbele ya binti yake wa kumzaa, akapiga makofi polepole kama mdogo anavyomsalimu mkubwa.

"Yaya," akasema. "Ulikuwaka wapi?"

Hakuna aliyemfundisha yule binti jibu. Alimtazama mama yake, akafikiri.

"Nilikuwa hapa," akasema. "Nilikuwa nakuandikia."