Mwalimu Shailaja na Mwili Usio Wetu

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha yoga katika ashramu yetu, makao ya watawa na wanafunzi wao hapa Rishikesh, India, Mwalimu Shailaja Dobhal anastaafu tarehe 30 Juni 2019.

Alikuja mwaka 1985 akitokea Tehri. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwanyoosha migongo wanafunzi wa falsafa, waliokaa kutwa wakisoma kwamba vyote ni Kimoja wala hakuna cha pili. Alianza na watu sita barazani. Leo ukumbi haututoshi, na walimu aliowalea wanafundisha hadi Pune na Mysuru.

Ukali wake ulikuja na vicheko. Mwanafunzi mmoja alikwepa zamu ya jikoni kwa hoja kwamba yeye si mwili. "Sawa, baba," Mwalimu akamjibu. "Basi huo usio wako ulete uoshe masufuria, wewe endelea kupumzika."

Tunalojivunia zaidi ni la tarehe 9 Agosti 2004. Madhukar Kelkar, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa na siku mbili hali chakula wala hasogei kwa maumivu ya tumbo, akisisitiza kwamba yeye ni shahidi tu wa maumivu hayo. Wenzake waliamini ameshaufikia ukombozi wa roho walioutafuta wote. Walimwekea maua miguuni na kupita kwa kunyata.

Asubuhi hiyo Mwalimu alirudi kutoka likizo, akamgusa tumbo upande wa kulia.

"Mama, maumivu yapo," Madhukar alimwambia, "mwenye maumivu ndiye hayupo."

"Vizuri. Na huyo asiyekuwepo akifa, nani atamwandikia mama yake?"

Kijana akaanza kulia.

Magari hayapiti kwenye daraja letu la kuendea hospitalini. Mwalimu alichukua mkokoteni wa mboga, akamlaza juu ya magunia, akausukuma mwenyewe huku akiwafokea ng'ombe na mahujaji wapishe. Hospitalini walikuta kidole tumbo kimekaribia kupasuka. Daktari alisema kwamba kama wangengoja hadi jioni, kijana asingepona.

Baadaye Swami mkuu, mtawa anayeiongoza ashramu, alimuuliza Mwalimu kama ameacha kuyaamini mafundisho. "Nayaamini, Swamiji," alisema. "Daktari naye ni huyo huyo Mmoja, ila yeye amesomea matumbo." Swamiji alicheka mpaka akavua miwani.

Tangu juma lile, kabla ya pumzi ya kwanza ya darasa la alfajiri, Mwalimu huuliza nani anaumwa na wapi. Mwanzoni watu walitazama mikeka yao. Siku hizi mikono huinuka bila aibu, hata ya watawa wazee, na Madhukar, ambaye sasa anafundisha nasi, ndiye atakayeuliza kuanzia Jumatatu.

Mwalimu, asante kwa kutufundisha kwamba anayeutunza mwili hajaipoteza njia. Tunakuombea miaka mingi ya afya na furaha huko Tehri. Na goti lako la kushoto, ambalo umetuficha muda mrefu, likikuuma, nawe inua mkono.