Marsela Komba, Aliyeomba Saa Sita Kabla ya Kisu

Waombolezaji wapendwa, mliotoka Kibiti, Ikwiriri na hata Salale kwa boti, kwa niaba ya familia mimi Sixtus, mdogo wa marehemu, nawasomea maisha ya dada yetu, na mnisamehe sauti ikipanda, kwa kuwa maisha yenyewe hayasomeki kinyonge.

Marsela Komba alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 kijijini Peramiho, Songea, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1982 hadi 1988, na baada ya sekondari akahitimu stashahada ya afya ya mifugo Mpwapwa mwaka 1996. Aliajiriwa kuwa afisa mifugo Morogoro mwaka 1997, akafunga ndoa na mwalimu Stephano tarehe 7 Oktoba 2000, wakajaliwa watoto wawili, na tarehe 1 Julai 2008 akahamishiwa huku kwenu, ambako watani wake walimbandika jina la Bibi Kiwele, naye akaliitikia.

Jina hilo hakulipata bure. Tarehe 9 Mei 2017, ng'ombe wa maziwa wa Bi Zaitun wa Ndundu, mjane aliyesomesha wanawe kwa ng'ombe huyo mmoja, alikuwa amelala chini, kiwele kimevimba na kukakamaa, maziwa yanatoka majimaji yenye mabonge, na mchinjaji Hemedy amekwisha kunoa kisu, maana mnajua wenyewe, mnyama akifa kabla ya kisu ni kibudu, nyama haina mlaji, ndiyo sababu kila ng'ombe mgonjwa aliwahiwa. Marsela akaomba muda wa saa sita tu, kuanzia saa tatu ile ya asubuhi, akaweka dhamana mtamba wake mwenyewe mwenye mimba, Hemedy akamwambia, "Mama, we' unacheza na riziki ya mtu," naye akavua viatu akaingia bandani.

Antibiotiki ng'ombe alikwisha kuchomwa jana yake, lakini Marsela aliona kinachomlaza ni homa na maumivu, akamchoma sindano ya kupunguza uvimbe na maumivu, kisha akakaa kukamua, akimwaga shimoni kila alichokipata. Adhuhuri ilipita bila dalili, Hemedy akaangalia saa mara mbili, na ilipokaribia saa tisa ng'ombe akaanza kucheua, dalili ya kupona, jamani, akacheua! Robo moja ya kiwele ilikufa, tatu zikaendelea kutoa maziwa miaka mitano, na Hemedy mwaka uliofuata alinunua ng'ombe wake mwenyewe wa maziwa, yupo hapa, asikatae.

Agosti 2024 Marsela aligundulika kuwa na saratani ya ini. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, akiwa hospitalini Dar es Salaam, alimwelekeza kwa simu afisa mwenzake Bashiru namna ya kumtibu ng'ombe wa Bungu aliyelala kwa ugonjwa ule ule, akamsihi ampe majibu, na saa saba na dakika kumi mchana akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuchota maji bila kuombwa, watumishi wenzake, na masheikh na mapadri mlioketi mkeka mmoja.

Bashiru alipiga saa saba na nusu, simu tukaipokea sisi, kwa hiyo ujumbe wake tunaufikisha hapa: dada, ng'ombe wa Bungu ameinuka, anakula majani, nawe sasa lala kwa amani.