Maabara Hii Isiitwe kwa Jina Langu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sista Ida Mkuu wa Shule, Daktari Zuhura binti yetu, ndugu wazazi, nanyi wanafunzi: Tumsifu Yesu Kristo; asalaam aleikum.

Niwieni radhi nikisoma polepole. Marehemu mke wangu Hilda ndiye aliyekuwa akinisahihishia hotuba.

Mmeniita kutoka Matogoro ili maabara hii ipewe jina langu kwa kuwa, kadi inasema, nilimfundisha Zuhura kupima. Leo, huko ughaibuni, yeye huimulika kwa leza molekuli ya haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko zote, na kwa mtetemo wake hujua protoni ni nzito mara ngapi kuliko elektroni: mara elfu moja mia nane thelathini na sita na kitu. Hicho kitu anakifuatia miaka, tarakimu baada ya tarakimu. Je, ni mimi niliyemfundisha uaminifu huo?

Kidato cha tatu tulipima mvutano wa dunia kwa jiwe lililoning'inizwa kwa uzi, tukipima kwa saa ya maabara muda wa kubembea kwake. Wasichana thelathini na wanne waliandika tisa nukta nane. Zuhura aliandika kumi nukta moja.

"Wenzako wote wamepata, wewe una nini?" nilimfokea.

"Wenzangu wamepika, Mwalimu. Mimi nimepima."

"Kitabu kinasema tisa nukta nane!"

"Shikamoo kitabu, Mwalimu, lakini uzi haujakisoma."

Darasa likacheka. Nikampa sifuri, nikamrudisha kwao Nakapanya kwa utovu wa nidhamu, akapoteza mwaka mzima.

Juma lililofuata nililinganisha saa ya maabara na ya redio. Ilikuwa inachelewa. Ndugu zangu, kwa saa ile hakuna ambaye angepima akapata tisa nukta nane! Majibu thelathini na manne yaliyo sahihi yalikuwa ya uongo. Lile moja lenye kosa ndilo lililopimwa.

Hilda akaniambia, "Baba Aidan, panda basi ukamwombe radhi mtoto wa watu." Nikajibu kwamba mwalimu hamwombi radhi mwanafunzi. Saa nikaitengeneza kimya kimya, sifuri nikaiacha. Alinikumbusha hadi wiki aliyofariki.

Zuhura, mwanangu, nisamehe. Neno hili nimelikalia miaka ishirini na sita, na aliyenisihi nilitamke hayupo kulisikia.

Sista, nakuomba kwa heshima, kitambaa kile kilichofunika kibao cha jina kisifunuliwe. Mabinti hawa wasiingie kupima chini ya jina la mtu aliyeujua ukweli akanyamaza.

Nawashukuruni kwa kunisikiliza, na mniwie radhi kwa kuwaharibia sherehe.