Wamemtoa Yona, Sauti Wamebaki Nayo

Pale mtaani Nyasura, mkabala na saluni ya Brenda, kuna benchi la ubao uliong'olewa ubavuni mwa Fuso iliyopinduka. Ryoba akishapita na birika lake la kahawa na sinia la kashata, utawakuta wenye benchi wamekaa kila mtu na cheo chake. Masatu, fundi pikipiki, wanamwita Kocha, maana hakuna jambo la dunia hii asiloligeuza mpira. Leodgar wanamwita Wakili. Sheria hajasoma, ila kesi ya shamba la baba yake ilichukua miaka mingi hata mwenyewe akaanza kuongea kama hakimu. Na Faustine ni Mwalimu, japo shule hafundishi: anafundisha kwaya ya kigangoni, na watu humwinamia kidogo wanapomsalimia. Asubuhi hiyo walikuwa wanabishana kama kamongo ni samaki au ni nyoka aliyekosa adabu, Brenda alipovuka barabara na kitana mkononi, amemwacha mteja saluni kichwa nusu kimesukwa, uso umemvimba kwa hasira.

– Wamemtoa mtu, halafu sauti yake wamebaki nayo! Hivi hao ni watu?

– Nani katolewa? Kocha akashtuka. Mbona sijasikia habari za usajili?

– Yona. Wa Dalbit.

Hapo wote wakashusha pumzi, maana Dalbit walikuwa wanawajua bila kupenda. Ni wasichana watano wa Korea ambao Brenda amebandika picha yao saluni, juu ya kioo, kati ya kalenda ya parokia na mitindo ya nywele. Ukienda kusuka kwake unasuka na Dalbit. Kina mama wa Nyasura wanaitikia viitikio vya Kikorea bila kujua wameitikia nini. Kati ya wale watano Brenda alikuwa na wake mmoja, Yona, mwenye sauti nzito kidogo, yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyelia jana kisha akalala vizuri. Mwaka jana kampuni yao ikatoa tangazo fupi kwamba Yona anapumzika kwa sababu binafsi. Hakurudi tena. Sasa wale wanne wametoa wimbo wao wa kwanza bila yeye, Brenda ameusikiliza tangu kumepambazuka, na kila akiurudia hasira inapanda ngazi moja.

– Chini ya kiitikio, akasema. Juu wanaimba wanne, chini kuna mtu wa tano. Ni Yona. Mimi namjua kama ninavyojua kikohozi cha mama yangu. Walimrekodi kabla hawajamtoa. Kwenye video hayumo, kwenye majina hayumo, lakini ukimwondoa yeye ule wimbo unaanguka kama hema lisilo na nguzo!

Ryoba akammiminia kahawa bila kuombwa.

– Kwani wimbo wenyewe mbaya, dada Brenda?

– Mzuri! Ndiyo maana nina hasira. Ungekuwa mbaya ningeufuta nikarudi kwa mteja wangu. Nimeandika maoni yangu kwenye kundi letu la mashabiki, nimetukanwa mpaka na mtoto wa sekondari. Ati niache wivu. Ati nina masikio ya washamba wa bara.

– Hili jambo ni rahisi, Kocha akasema, akajifuta grisi kwenye suruali. Huyo katolewa kwa mkopo. Kapelekwa timu nyingine akacheze nusu msimu. Mchagua jembe si mkulima.

– Jembe limeingiaje hapa, mzee Masatu?

– Linaingiaga lenyewe.

– Sikilizeni, Leodgar akakohoa kama yuko kizimbani. Kisheria, sauti ikishaingia kwenye mashine siyo ya mtu tena. Ni kama ng'ombe wa mahari. Akishavuka boma, hata akilia usiku kucha, wewe mwenye binti ndiye unayemkamua. Asiyekuwepo na lake halipo.

– Lake lipo! Brenda akapiga kitana kwenye paja. Lake ndilo lipo, Wakili, yeye ndiye hayupo! Methali yako imevaa kandambili upande.

Wakacheka, na kile kicheko kikamchoma. Alikuja kuongea na watu, akakuta watu wamekuja kunywa kahawa. Lakini hakuondoka. Kahawa ilikuwa ya moto, na hasira ya Brenda ilikuwa ya aina ile inayotaka mashahidi.

– Mimi nasemaga hakuna Yona, Kocha akaendelea, sasa ameshapata joto. Hawakuwahi kuwa watano. Msichana ni mmoja tu, wanampiga picha mara tano na mawigi tofauti. Mwaka huu wigi moja limechakaa.

– Siyo wigi, akasema Leodgar. Serikali ya kule imemchukua. Sauti kama hiyo inawekwa kwenye vipaza sauti vya mpakani, adui akisikia anakumbuka kwao, anatupa bunduki. Ni silaha. Huwezi kuiacha mtaani inauza soda.

– Sasa si wangemtumia dada Brenda akitangaza vikoba, Ryoba akasema. Adui angekimbia mwenyewe.

Hata Brenda alitabasamu kidogo hapo, bila kutaka. Kisha Faustine, ambaye muda wote alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari, akaongea kwa ile sauti yake ya kutulizia watu kabla ya misa.

– Jina lenyewe linajieleza. Yona. Chombo kilikuwa kinazama, wakamtupa majini, bahari ikatulia. Mtu hatolewi bure, Brenda. Kuna kitu alifanya. Na wale wenzake wanne wana haki ya kufika nchi kavu.

Brenda akamgeukia polepole.

– Alifanya nini, Mwalimu?

– Mimi sijui mambo ya Wakorea.

– Hujui, lakini unajua alifanya.

– Ndiyo hivyo, Leodgar akadakia, akidhani anasaidia. Ndiyo wahenga wakasema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Methali ile ilitoka tu, kama zinavyotokaga zote kwa Leodgar, bila anwani. Lakini safari hii ilifika nyumba ya mtu. Kocha akatazama viatu vyake. Ryoba akaanza kupangusa kikombe kilichokuwa kikavu. Leodgar mwenyewe alielewa alichosema kikiwa kimeshasemwa, akajaribu kukimeza pamoja na kashata, akapaliwa.

Maana hakuna mtu wa Nyasura asiyejua. Brenda alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Faustine tangu alipotoka kwao Butiama kuja kujifunza ususi. Wimbo wa mwana mpotevu, ule uliowapeleka mpaka studio ya Musoma, yeye ndiye aliyeuimba mwanzo mpaka mwisho, wengine waliitikia. Walirekodi sauti kwanza, video wakaiacha ije baadaye, mvua zikiisha. Kabla mvua hazijaisha tumbo la Brenda likaonekana. Kamati ya kwaya ikakaa. Wakamwambia apumzike, mpaka mtoto azaliwe na abatizwe, ndipo waone. Kwaya ikaenda Bukima kupiga video, ikasimama kwenye mawe ya ziwani na mashati ya kitenge, na mbele kabisa akasimama Dorotea, binti mzuri, mpole, akifungua na kufunga mdomo juu ya sauti ya mwenzake. Aliyempa Brenda mimba alikuwa mpiga kinanda wa kwaya hiyohiyo. Yeye hakupumzishwa. Vidole vyake vinaonekana vizuri sana kwenye ile video.

Mtoto alizaliwa, akabatizwa, akaitwa Clever. Sasa anakimbia, anang'oa rola kwenye vichwa vya wateja. Hakuna aliyewahi kuja saluni kumwambia mama yake kwamba kupumzika kumekwisha.

Miezi ile ya tumbo, jioni zote za mazoezi ambazo hakuwa na pa kwenda, ndipo alipokutana na Dalbit kwenye simu. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akamsikia Yona anaimba kitu asichokielewa hata neno moja, na akakielewa.

– Weka wimbo wenu, Mwalimu, Brenda akasema.

– Wimbo gani?

– Unaujua. Weka hapa tuusikilize. Mimi nimewaletea wa Wakorea, na wewe weka wa kwenu.

– Brenda, mambo ya kanisani hatuleti kijiweni.

– Ya Kanisa gani? Ungekuwa wa Kanisa ningenyamaza! Ule wimbo mnauuza kwenye flashi stendi, unapigwa kwenye mabasi ya Tarime, unapigwa mpaka kwenye duka la pembejeo. Mimi nanunua dawa ya nywele najisikia nalia kwenye redio ya watu, halafu mwenye duka ananiambia, "Huyu Dorotea ana kipaji!" Nimjibu nini? Mwalimu, nakuuliza kwa heshima zote, nimjibu nini?

– Kazi ya Mungu haina jina la mtu, Faustine akasema.

– Jina la kwako mbona lipo? Limeandikwa mwanzo na mwisho. Mwalimu wa kwaya, Faustine. Mpaka la dereva lipo!

– Ulikosea, Brenda. Kamati ilikaa.

– Nilikosea. Sijakataa. Nilikwenda kwa padre nikaungama, nikatoka. Padre amemaliza na mimi, Mungu amemaliza na mimi, ninyi ndio hamjamaliza. Basi kama mimi ni mchafu, na sauti si ni chafu? Mngeitupa! Kwa nini mtu ni mchafu na sauti ni safi? Mlitutenganisha kwa kisu gani?

Sasa mteja wake alikuwa amesimama mlangoni mwa saluni na kichwa chake nusu, akisikiliza. Haikuwa kwamba Faustine ni mtu mbaya. Alimfundisha Brenda kuvuta pumzi, alimkopesha hata koti la mvua siku za mazoezi. Siku kamati inakaa alikuwepo, na alichosema siku ile ni "nyinyi mtakavyoona." Amekuwa akijisemea tangu hapo kwamba hakusema kitu.

– Sasa si bora tuusikie tu, Kocha akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi kwa refa. Simu ilikuwa mkononi. Akabonyeza.

Kinanda kikaanza. Kisha ile sauti ikaingia, nzito kidogo. Brenda alitazama barabara. Kila alipousikia wimbo ule alijiwa na kitu kimoja: mahali pale kwenye ubeti wa pili alipovuta pumzi vibaya, na fundi wa studio akamwambia aiache, inafaa.

Ndipo akatokea mwanamke mmoja wa makamo, anatoka upande wa stendi, kajitwika ndoo ya dagaa, kanga imefungwa vizuri kiunoni. Alikuwa anapita tu. Aliposikia simu akasimama, akaishusha ndoo.

– Hamjambo hapo. Shikamooni wazee.

– Marahaba, mama. Karibu kahawa.

– Kahawa baadaye. Hiyo nyimbo! Mimi naitwa Euphrasia, natokea Bukima. Si waliipigia picha kwetu kule, kwenye mawe? Tuliwapikia ugali na sato. Mama yangu alivyokuwa mgonjwa alikuwa hataki redio nyingine, ni hiyo tu, tunamwekea mpaka anasinzia. Sasa amepona, mwezi ujao tuna misa ya shukrani nyumbani, anasema anataka aliyeimba aje amwimbie yeye mwenyewe, mdomo kwa sikio.

– Jambo jema, mama, Leodgar akasema haraka. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Ndiyo. Basi nikamtafuta yule binti wa mbele, Dorotea, nikampata. Nikamwambia shida yangu. Akainamia chini, akaniambia, "Mama, mimi nilisimama tu." Nikamuuliza basi ni nani, machozi yakamlengalenga. Nikaogopa kumuuliza zaidi. Nyie ni watu wa hapa, mnawajua wenyewe. Hivi hapo anaimba nani?

Birika la Ryoba lilikuwa limeshapoa. Kocha aliitazama simu kama imeanza kumuunguza, lakini hakuizima. Leodgar alitafuta methali, na safari hii hata iliyovaa kandambili upande haikuja.

– Ni kwaya, mama, Faustine akasema.

– Kwaya naisikia, baba. Iko kwa nyuma. Mimi nauliza huyu.

Faustine akaweka kikombe chini. Mkono wake ulikuwa karibu na mkono wa Brenda, katikati yao ni sinia la kashata tu. Angeweza kuuinua kidogo, akaelekeza. Hata jina asingehitaji kulitamka.

Brenda alikuwa anaweza kusema "mimi." Neno lenyewe ni dogo, alishalisema mara nyingi mbele ya kioo, saluni ikiwa imefungwa. Lilikuwa limekaa ulimini tayari. Lakini hakutaka kujitaja. Alitaka atajwe. Akamtazama Mwalimu wake usoni, bila kupepesa, akasubiri. Kocha akamtazama Mwalimu. Leodgar akamtazama Mwalimu. Mteja mlangoni akamtazama Mwalimu.

Wimbo ukafika mwisho, na ile simu ya Kocha, kama ilivyozoeshwa kwenye gereji, ikaurudia yenyewe toka mwanzo. Kinanda, kisha sauti.

– Huyo, mama Euphrasia akasema, akainyooshea simu kidole. Huyo hapo. Mmemsikia?