Chumba cha Uchochoroni

Sogeeni wanangu, na wewe uliyeegemea mlango ingia ukae, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupazia sauti. Nyumba ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa. Dada akae chini, mdogo wake akae juu, na ngazi mfagie kwa zamu, msije mkagombania ufagio mbele za watu. Hilo limekwisha. Linalonikaba ni hiki chumba ninamolala.

Mlikijenga haraka haraka nikiwa hospitali, ili baba yenu asipandishwe ngazi, na siku mliponiingiza humu nikaona dirisha lile limejaa mwanga, nilinyamaza mkadhani nimekasirika. Wala. Nilishikwa na butwaa. Mimi niliyezunguka mji huu miaka yote na kopo la rangi nyekundu, nikichora alama ya kubomoa, ile X ya mistari miwili, kwenye kuta za watu, sikujua kama ukuta unaweza kujengwa kwa mapenzi namna hii. Kila asubuhi jua linapopanda shukani mpaka kifuani machozi hunitoka, nami nasingizia macho mabovu.

Lakini mmekijenga uchochoroni, wanangu, bila kibali. Mlisema, nani atamgusa mzee wa halmashauri? Na kweli hajatokea. Vijana niliowafundisha kazi wanapita hapo nje, wananiamkia dirishani, "Shikamoo mzee," kisha wanakaza mwendo huku wakitazama viatu vyao. Nikiwaambia walete notisi, wanacheka, wananiambia nipumzike.

Mnajua kwa nini jirani yetu Mama Cherehani hakunisalimia miaka yote ile. Baraza aliyokuwa akishonea ilikaa hapa hapa, nami nikaibomoa. Nilimpa notisi, nikampa muda, muda ukaisha, nikaja na watu wa nyundo. Alinitukana mpaka marehemu mama yenu akaziba masikio, nami hata leo sijutii, kwa sababu mliona wenyewe mkiwa wadogo, karakana ya seremala huko nyuma iliposhika moto mchana kweupe. Gari la zimamoto liliingia kwenye uchochoro huu huu, kuta zikibaki kiganja kimoja kila upande, na maji yakaruka juu ya mapaa. Nafasi tupu, ambayo kila mtu aliiona haina kazi, ndiyo iliyotuokoa sote, na nyumba ya Mama Cherehani ikiwemo. Moto ukitokea kesho, gari litaishia kwenye kitanda changu.

Na jana mama huyo kaja na supu. Kakaa hapo, kanilisha kijiko kwa kijiko, akatazama dari, akatazama dirisha, akasema, "Chumba kizuri." Basi. Wanangu, matusi yale yote hayakunichoma kama maneno hayo mawili.

Sasa nisikilizeni. Msingoje nife. Nihamishieni sebuleni leo hii. Dirisha mlitoe taratibu lisivunjike, mkampe Mama Cherehani, aone kutunga uzi. Kisha bomoeni mpaka msingi. Mkitaka kulia, lieni, lakini nyundo zisisimame.

Kopo liko chini ya kitanda. Kijana mmoja wa halmashauri aliniletea, akidhani nataka ukumbusho. Nipe brashi, binti yangu. Niinueni... hapo, hapo ukutani. Mstari wa kwanza huo. Umepinda, lakini wanaojua watausoma.

Bado mmoja. Mkono... mkono hauendi. Njoo wewe, kitindamimba, uliyepanga matofali haya, shika mkono wangu. Na dada yako ashike juu ya wako. Vuteni pamoja nami... polepole... hivyo.

Radhi zangu mnazo, wanangu. Zote. Msipungukiwe... na pa kulala, wala... na pa kupita.

Jamani, tazameni jua lilivyofika kwenye ile rangi. Ngojeni kidogo... Haya. Nibebeni.