Mawimbi ya Kupaka

Asubuhi ile Msasa, fundi wa kupaka rangi milango, alifika kwenye benchi la kijiweni amefura, salamu hana, na kikombe cha kahawa alikipokonya badala ya kukipokea. Kwapani alikuwa na gitaa la marehemu baba yake. Alilichukua kwa mama yake, siku tatu akajifungia nalo jikoni mpaka mkewe akahamishia sufuria uani. Zamani lilikuwa gitaa la plaiwudi, limepauka, la kuchekwa na kila mpita njia. Sasa uso wake unameremeta mawimbi ya dhahabu na kahawia kama mbao za wenye nazo. Jana kaka yake mkubwa alilitupia jicho akasema neno moja tu: feki. Na leo mama yao anakuja kuamua likae kwa nani. Mtu asikasirike?

— Feki! alifoka Msasa. Mimi! Miaka ishirini napaka milango ya mbao za maboksi, wenye nyumba wanaigonga wakidhani mninga!

— Tueleze kwa utaratibu, fundi, alisema Karani, mstaafu wa ofisi ya ardhi. Ulianzaje?

— Nilipiga msasa mpaka mbao ikabaki uchi. Kila kovu nikaliziba kwa gundi na unga wa mbao. Nikavuta mistari ya kupinda kwa tambara lenye rangi nyeusi, nikaiparuza, weusi ukabaki kwenye vinyweleo tu. Juu yake rangi ya asali, halafu vanishi mara sita. Sita! Kaka ana subira hiyo?

— Ila mawimbi hayapakwi, bwana, alidakia Redio, fundi viatu. Mti unapindwa ungali mche. Wahenga hawakusema samaki mkunje angali mbichi?

— Walisema samaki, Redio, alisema Msasa.

— Samaki ana magamba, mti una magome. Tofauti iko wapi?

— Upuuzi, alisema Karani. Mti wa mawimbi huota kando ya mto. Maji yakitikisika, nao unatikisika. Ndiyo maana tukaambiwa maji yakimwagika hayazoleki.

Msasa hakuona yanahusianaje, lakini alihitaji wa kumuunga mkono, akaitikia kwa kichwa.

— Mto gani! Redio aligonga nyundo. Ni radi! Mti ukipigwa na radi unashtuka, na mshtuko unabaki ndani. Gitaa la mti huo ukilipiga, mvua inanyesha.

— Umeliona wapi? aliuliza Karani.

— Nimesikia.

— Basi na mimi niwaambie, Karani alisimama kabisa. Duniani hakuna mbao ya kweli! Mti nao unajipaka rangi kutoka udongoni, nani aliwahi kuukagua? Msasa na mti ni mafundi wenza!

— Mwambieni kaka yangu hivyo hivyo! Baba alipoumwa alikuwa wapi? Nani alikuwa akimgeuza kitandani? Leo anakuja na mdomo wake, ati feki!

Mzee wake alichekwa kwa ajili ya lile gitaa maisha yake yote, naye alitaka angalau likae ukutani kwake likiwa na heshima.

Mama yao akatokea, kanga begani.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Hebu nilione.

Msasa alilifuta kwa mkono wa shati, akampa. Mama aliligeuza kwenye mwanga.

— Linapendeza, baba. Kazi yako naijua.

Msasa aliwageukia wenzake, kifua mbele. Mama akapitisha kiganja chini ya tundu la gitaa. Akarudisha. Akapitisha tena, polepole.

— Hapa baba yako alikuwa anaegemeza mkono. Palilika mpaka pakawa na kishimo, vidole vyangu vitatu vilikuwa vinaingia. Tangu tumzike nilikuwa naviweka pale kila nikiamka. Pako wapi?

Msasa alimtazama Karani. Karani alimtazama Redio. Redio aliinamia kiatu cha watu.

— Nakuuliza wewe, mwanangu. Pako wapi?

Mkono wake ulikuwa bado unapapasa.