Hakimu Aliyefufuliwa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Machi, siku wakubwa wa televisheni walipoamua kwamba mwiba wa samaki umkwame hakimu wa tamthilia yao kooni, afe. Orville Kessler alikuwa ameigiza hakimu huyo kwa miaka mingi, akigonga nyundo na kusema, "Kimya mahakamani!" Hakimu alikufa pamoja na bima ya matibabu ya familia ya Orville, maana mwigizaji akikosa kazi za kutosha, bima inakatwa. Maxine, mkewe, alikuwa katikati ya matibabu ya saratani.

Sasa, ndani ya basi la kwenda Burbank, mji wa studio za televisheni, mama mmoja aliyepakata mfuko wa machungwa alimgeukia Orville.

"Mheshimiwa! Si ulikufa wewe?"

"Nilikufa, mama. Walinizika vizuri, na maua juu."

"Nililia mpaka nikaunguza chakula!"

"Ahsante sana. Mke wangu naye alikufa Juni, bima ilipokatika. Huyo hawakumwonyesha kwenye televisheni."

"Pole, baba. Na suti hiyo, unakwenda wapi?"

"Kufufuka. Watazamaji wamewakimbia, basi wakubwa wamekumbuka ghafla kwamba aliyezikwa alikuwa pacha wangu. Wana huruma hao, usiwaone hivi!"

Mama alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Na wewe utawagongea tena nyundo yao?"

Basi lilisimama mbele ya lango la studio, mlango ukafunguka. Orville alishika chuma cha kiti, wala hakuinuka.

Dereva alimtazama kwenye kioo. "Mzee, unashuka au hushuki?"